Bafu la Fundi Kioo

Kila fundi ana kazi moja ambayo angetaka wajukuu waionyeshe kwa kidole. Huyu wetu, aliyeitwa Fundi Kioo kwa sababu ukiinamia vigae alivyovibandika unajiona uso, kazi yake hiyo haikuwa hotelini wala kwa tajiri yeyote. Ilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, mlango wa pili ukitoka sebuleni. Ilikuwa bafu.

Alilijenga akiwa na nguvu zake, jina likianza kupanda. Mafundi wenzake walitembea na picha za kazi zao. Yeye alitembeza wateja. "Maneno waachie wanasiasa," alikuwa akisema. "Wewe njoo uone." Kizuri chajiuza, naye alikuwa na kizuri cha kuuza. Vigae vilikuwa vyeupe, vidogo kama kiganja cha mtoto, vimepanda kutoka sakafuni hadi darini bila kuruka hata mstari. Maungio yake yalikuwa membamba, yamejazwa saruji nyeupe, na yamenyooka kiasi kwamba ukivuta uzi utadhani uzi ndio uliopinda. Nyuma ya choo cha kukaa alijenga kibaraza cha kuwekea vitu, kikaacha mwanya unaopitisha mkono lakini haupitishi kichwa. Hodhi la kuogea alilivika vigae pande zote, hata upande unaotazama kona, ambao mgeni hauoni mpaka achutame. Na juu kabisa, pale ukuta unapokutana na dari, alizungusha ukanda wa vigae vya samawati vyenye kingo zilizochomoza, kama pindo la gauni la bibi harusi.

Lilikuwa bafu zuri, na hata mtu asiyempenda angelazimika kukiri. Lilikuwa na kosa moja tu. Kosa hilo fundi hakuliona kwa sababu halikuwa la mwiko wala la pimamaji. Siku zote alizokuwa akilichora kichwani mwake, hakujiuliza hata mara moja ni nani atakayelisafisha.

Jibu lilikuwa jikoni, linamenya viazi.

Mkewe alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini hayo machache yalikuwa na chumvi. Walikuwa wakiitana "mama" na "fundi" tangu binti yao wa pekee alipozaliwa, hadi majina yao ya ujana yakawa kama nguo zilizowekwa chini kabisa ya sanduku. Nyumba aliiendesha vizuri. Kupika, kufua, kumlea mtoto, hayo yote aliyamudu na nafasi ya kupumua ikabaki. Kilichomla ni bafu.

Maungio meupe hayasitiri. Ukioga asubuhi, jioni povu la sabuni limeshajichora. Ukiacha mvuke siku chache, vidoa vyeusi vya ukungu vinaota kwenye mistari kama mbegu kitaluni. Maji ya chumvi yanaacha utando kwenye koki. Katika nyumba nyingine haya ni mambo ya kusafishwa mwisho wa juma. Katika nyumba ile yalikuwa mambo ya saa yoyote, kwa sababu simu ya fundi ilikuwa inalia saa yoyote.

"Mama, nakuja na mteja. Bafu liko sawa?"

Hilo lilikuwa swali kwa umbo tu. Kwa tabia lilikuwa amri. Mama aliacha sufuria, akakaza kilemba vizuri, akachukua ndoo, sabuni ya unga na mswaki mkuukuu. Alianza chini, kwa magoti, akipenyeza mkono nyuma ya choo na kusugua asichokiona, kwa kuhisi tu, kama anayetafuta sindano chini ya kitanda. Kisha alichutama nyuma ya hodhi. Kisha alipandisha kigoda juu ya ukingo wa hodhi, akapanda juu ya kigoda, akashika bomba kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akausugua ule ukanda wa samawati, ukingo kwa ukingo, mkono ukiwa juu ya kichwa na maji machafu yakimshukia kwapani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba hii mgeni alikuja, mwenyeji akachubuka.

Mgeni akiondoka, fundi alibaki nyuma. Alipitisha kidole juu ya ukanda, akakitazama, na kama kilikuwa na chochote alimwonyesha mkewe. Hakusema neno. Alijiona mpole kwa sababu hakusema neno.

Siku moja alikuja mteja na mkewe, watu wanene wenye furaha, wanaojenga nyumba ya kustaafia. Mwanamke alitazama juu, akatazama nyuma ya choo, akauliza kama watu wenye nyumba wanavyouliza.

"Fundi, hongera. Lakini kule juu nani anasafisha?"

Fundi alicheka. "Mama, bafu likijengwa na fundi wa kweli linajisafisha lenyewe."

Mkewe alikuwa mlangoni na sinia la chai. Aliinama, akaweka chai, akawakaribisha kwa adabu zote. Wageni walipokwisha kuondoka alikaa kwenye kiti cha sebuleni, jambo ambalo si kawaida yake mchana, akakunja miguu.

"Mbona umekaa?" fundi akauliza.

"Nimepewa likizo."

"Na nani?"

"Na bafu. Si linajisafisha?"

"Aa, mama nawe! Yale ni maneno ya biashara."

"Haya. Na mimi ni mtu wa biashara au wa nyumbani? Nijue nikae wapi."

Fundi alicheka sana. Aliisimulia kazini, na mafundi wenzake wakacheka pia, wakasema mke wake anafaa redioni. Ndivyo wanaume wengi tunavyofanya na malalamiko ya wake zetu: tukiyaona yamechekesha, tunadhani yamejibiwa.

Binti yao alikua, akasoma, akaajiriwa kuwa msimamizi wa usafi katika hoteli kubwa. Huko aliona vitu. Siku moja aliingia na boksi refu mkononi, akamkalisha mama yake na kulifungua mbele yake kama mtu anayefungua zawadi ya mtoto.

Ilikuwa brashi ya umeme, isiyo na waya, ya kuchaji kama simu. Ilikuwa na mpini unaorefushwa mpaka ukafika darini na kufupishwa mpaka ukatosha mfukoni, shingo inayopinda, na vichwa vya aina aina: kipana cha sakafu, cha mviringo cha sinki, na kimoja kidogo kilichochongoka kwa ajili ya kona na maungio. Ukibonyeza, kichwa kinazunguka chenyewe. Wewe kazi yako ni kuelekeza.

Mama alikizungusha kile kichwa kidogo kwa kidole. "Huu si mswaki wa jitu huu?"

"Ndio, mama. Na lile jitu ni bafu la baba."

"Shii! Atakusikia."

"Asikie. Hotelini kwetu hakuna mtu anayepanda juu ya kigoda. Ni marufuku. Akianguka mmoja, meneja ananiita mimi. Wewe hapa nani anakuita?"

"Ananiita yeye mwenyewe baba yako, kila siku. 'Mama, bafu liko sawa?'"

Walicheka wote wawili mpaka binti akafuta machozi. Mama aliichomeka mashine kwenye umeme ijae kwanza, kama ilivyoelekezwa, akaiegemeza ukutani. Mara mbili au tatu alitoka jikoni kuja kuitazama ile taa yake ndogo, kama iko nyekundu bado au imekuwa kijani.

Jioni fundi akarudi. Aliiona, akaiinua, akaipima uzito, akaibonyeza. Ikanguruma kama nyuki ndani ya kopo. Alibadilisha vichwa kimoja kimoja. Macho yake yalikuwa macho ya fundi anayeona chombo, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kazini alikuwa na ukumbi mzima uliomkwamisha: saruji ya maungio ilikuwa imeacha ukoko juu ya vigae vyote, na vijana wake walikuwa wakiukwangua kwa mikono wakinung'unika.

Asubuhi alitoka nayo begani.

"Fundi," mkewe alimwita kutoka mlangoni. "Hiyo unaipeleka wapi?"

"Naiazima tu, mama. Kuna ukoko pale kazini umenishinda."

"Mimi sijaigusa bado."

"Utaigusa. Lakini hiki ni chombo cha kazi, kinaharibika bure kikikaa nyumbani."

"Na mimi ninachofanya humu ndani ni nini? Ngoma?"

"Wewe una mkono wako, mama. Umeshazoea. Mkono wako haukwaruzi."

Alisema hayo kwa wema. Kwa kadiri alivyojua, alikuwa amemsifu.

Mashine ilisafisha ukumbi ule vizuri sana. Ikasafisha na kazi iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo. Ikalala kwenye sanduku la vifaa pamoja na miiko na nyundo za mpira, ikapakaa saruji shingoni, ikawa ya kazini. Mama aliiulizia, akaambiwa kesho. Akaiulizia tena, akaambiwa, "Hivi wewe na hiyo mashine mna nini?" Hakuiulizia tena. Binti alipopiga simu kutaka kujua, "Mama, mashine inafanyaje kazi?" alijibiwa, "Inafanya kazi nzuri, mwanangu." Halikuwa neno la uongo. Ila hakusema inaifanyia wapi.

Watu hupenda kusema kwamba jambo baya huja kwa kishindo. Hapana. Mkono wa mama ulikufa polepole, kama betri. Kwanza ulikuwa unauma akishuka kwenye kigoda. Kisha ukawa unauma hata asipopanda. Kisha asubuhi moja fundi, akiwa anafunga kamba za viatu, alimwona mkewe anachana nywele kwa namna ya ajabu: kiwiko amekibana ubavuni, na badala ya mkono kwenda kichwani, kichwa kilikuwa kinauinamia mkono.

"Una nini?"

"Bega."

"Umelilalia vibaya."

"Labda."

Akamaliza kufunga viatu, akaenda kazini. Mchana alipiga simu. Alikuwa na mteja.

Binti ndiye aliyeona kilichokuwa kinaonekana. Alikuja kutembea, akamkuta mama yake juu ya kigoda, mkono wa kulia umeinuliwa kwa kusukumwa na mkono wa kushoto, kama mtu anayeinua mzigo wa mwenzake. Alimshusha. Akafungua kabati la bafuni, akafungua stoo, akafungua hata chini ya kitanda.

"Mama, mashine iko wapi?"

Mama akatazama sakafu. "Iko kazini kwa baba yako."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoileta."

Binti hakupiga kelele. Alikusanya nguo chache za mama yake, akampeleka hospitali. Daktari alieleza kwamba kano za bega zilikuwa zimelika kama kamba ya kisima, na kwamba mazoezi yatapunguza maumivu, lakini mkono ule hautapanda tena juu ya bega. Kutoka hospitali hawakurudi kwa fundi. Walikwenda kwa binti. "Mpaka apate nafuu," binti alisema kwenye simu, na fundi akasema sawa, akidhani nafuu ni jambo la wiki chache.

Miezi ikapita. Simu zilikuwepo. Umeamkaje, umekulaje, dawa umekunywa. Lakini kila alipouliza, "Utakuja lini?" jibu lilikuwa, "Tutaona." Na bafu, ambalo lilikuwa linajisafisha lenyewe, likaacha kujisafisha. Vidoa vyeusi viliota kwenye maungio kutoka chini kwenda juu. Ukanda wa samawati ukawa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Alileta mteja mmoja, mteja akachungulia, akasema atampigia, hakupiga. Fundi hakuleta mwingine.

Kisha binti akampigia: Jumamosi wangekuja, mama anataka kuja nyumbani. Fundi alishika neno hilo, "nyumbani," akalala nalo.

Siku iliyotangulia hakwenda kazini. Aliitoa mashine kwenye sanduku la vifaa, akaikwangua saruji shingoni kwa kisu, akaiosha, akaenda dukani kununua vichwa vipya, akaichaji mpaka taa ikawa kijani. Alikuwa amepanga kila kitu: mama ataingia, ataliona bafu linang'aa, ataiona mashine imesimama pale ikimngoja, ataelewa. Mwanamume ambaye hajui kuomba radhi kwa mdomo hutafuta kitu cha kumwombea.

Akaanza na ukuta mpana. Kazi ilikwenda vizuri, hata akapiga mluzi. Mashine ilizunguka, ukungu ukatoka, povu la kijivu likateremka. Kumbe ni rahisi hivi. Neno hilo lilimjia kichwani likiwa neno la furaha. Baada ya muda kidogo likageuka ndani yake, akauacha mluzi.

Akarefusha mpini, akahamia kwenye ukanda wa samawati. Kile kichwa kilichochongoka kiliingia kwenye kila ukingo, maji machafu yakamrukia machoni. Alikuwa amefika katikati ya ukuta wa pili betri ilipokata. Mashine ilishusha sauti, ikakohoa, ikanyamaza.

Angeweza kuingoja ijae. Lakini alikuwa mtu asiyejua kuacha kazi nusu, na mswaki ulikuwepo, ule ule, kwenye kikombe cha plastiki nyuma ya pazia. Akaweka kigoda juu ya ukingo wa hodhi. Akapanda. Akashika bomba kwa mkono wa kushoto, akainua wa kulia.

Alikuwa mtu wa kazi ngumu. Alibeba mifuko ya saruji tangu ujana. Lakini kubeba ni jambo moja, na kuushikilia mkono juu ya kichwa huku unasugua kwa nguvu ni jambo jingine kabisa. Kabla hajamaliza ukuta mmoja bega lilikuwa linawaka moto na vidole vimekufa ganzi. Alishuka, akapumzika, akapanda. Akashuka tena. Kigoda kilikuwa kinacheza, kwa sababu ukingo wa hodhi aliujenga na mwinamo mdogo ili maji yasitulie. Alikuwa ameufanyia hesabu ule mwinamo kwa makini, na maji hayakutulia kweli.

Mashine, aliyokuwa ameichomeka tena, ilipopata chaji kidogo, akaenda chini. Kichwa chake mwenyewe hakikuingia nyuma ya choo, kwa jinsi alivyoujenga ule mwanya. Ilimbidi alale chali sakafuni, shavu likiwa karibu na vigae, ili aone anakosugua. Na hapo, akiwa amelala vile, akageuza macho, akaona chini ya sinki la kunawia.

Kulikuwa na bonge la saruji. Bonge baya, lisilosawazishwa, lenye alama ya kidole gumba, pale bomba lilipoingia ukutani. Alilikumbuka. Ile siku alikuwa amechoka, akasema moyoni kwamba hapo hakuna mgeni atakayelala chali kutazama. Kazi yake bora kuliko zote ilikuwa na uvivu ndani yake, na alikuwa ameusahau.

Lakini si bonge lililomfanya abaki amelala. Ni kwamba lilikuwa safi. Kuta nzima zilikuwa zimeota ukungu kwa miezi hii, lakini lile bonge, lililojificha mbali na mvuke, bado lilikuwa na weupe wa kusuguliwa. Hata ndani ya ile alama ya kidole gumba hapakuwa na uchafu. Kuna mtu alilala hapa, mara nyingi, akaiona aibu yake, akaiosha, akainuka, akaenda kupika, na hakusema.

Jumamosi walikuja. Mama alikuwa amenenepa kidogo usoni, na nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri na mkono wa mtu mwingine. Fundi alimpokea getini, akampokonya mkoba hata kabla hajasalimiwa.

"Shikamoo, baba," binti akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni. Mama, karibu nyumbani."

"Ahsante, fundi."

Chai ilikuwa tayari. Aliipika mwenyewe, ikawa na majani mengi mno. Mama aliinywa bila kukunja uso, kisha akasema anakwenda kunawa mikono. Fundi alimtazama akipita mlango wa pili. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtoto anayengoja kusomewa matokeo. Binti alimtazama, akakusanya vikombe.

Mama alikawia. Fundi hakuvumilia, akamfuata.

Alimkuta amesimama katikati. Hakuwa anatazama ukanda wa samawati wala vigae. Alikuwa anaitazama mashine.

"Umesafisha," akasema.

"Nimesafisha. Kote. Mpaka nyuma kule."

"Naona."

"Na hiyo ni yako, mama. Nimeinunulia vichwa vipya. Haitoki tena humu."

Mama aliichukua kwa mkono wa kushoto. Akaibonyeza, ikanguruma. Aliinua mpini, ukafika kwenye ukanda wa samawati bila mguu wake kuinuka sakafuni. Akaupitisha pale juu kidogo, huku na huko. Kisha akaizima.

"Kumbe nyepesi hivi," akasema.

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayeonyeshwa njia ya mkato baada ya kuzunguka mlima. Fundi angeona afadhali kama angelaumu.

"Mama, pale chini ya sinki..."

"Lile bonge?"

"Ulikuwa unalijua?"

"Nililiona wiki ile ile tuliyohamia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie ili iweje? Ungevunja sinki zima ulijenge upya. Na vumbi angefuta nani?"

Fundi alicheka, kwa mazoea. Kicheko hakikufika mbali.

"Rudi, mama," akasema. "Sasa nitasafisha mimi. Naapa. Wewe hutagusa hata kitambaa."

Mama alikaa juu ya ukingo wa hodhi. Alikuwa na sura ya mtu aliyelifikiria jambo muda mrefu, na hakutafuta maneno.

"Sikiliza, fundi. Kule kwa mwanangu kuna bafu dogo, la saruji tupu, lina ufa. Nikiingia naoga. Naoga tu, nasikia maji, natoka. Hapa sijawahi kuoga. Hapa nilikuwa naingia huku natazama juu. Hata sasa hivi, umesafisha, nashukuru, na bado nimeingia nikatazama juu. Na mkono wenyewe haufiki."

"Nitavibomoa vigae vyote, basi. Nitapaka rangi."

"Usibomoe. Ni kazi yako. Ni nzuri." Akagusa kigae kimoja. "Nilikuwa nakwambia ni nzuri?"

"Ulikuwa unaniambia."

"Basi. Wewe ulikuwa unaniambia nini?"

Fundi alitafuta. Alirudi nyuma miaka yote akitafuta, chumba kwa chumba, na alichokikuta ni kidole chake mwenyewe kilichoinuliwa. Hapo ndipo neno lilipomtoka, neno ambalo lingeweza kutoka asubuhi ile ya viatu, au ile asubuhi aliyoondoka na mashine begani, na likafaa kitu. Watu husema majuto ni mjukuu. Wake alikuwa mjukuu aliyezaliwa na meno.

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimekusamehe zamani, fundi," akasema mkewe. Akaugusa mkono wake wa kulia uliolala mapajani. "Huyu ndiye bado."

Mama alitumia mchana wote kutoa nguo zake kabatini na kuzipanga mkobani. Fundi alimsaidia, kwa sababu nguo zilizoning'inia juu mkewe hakuzifikia. Alimteremshia moja moja, naye akazikunja kwa mkono mmoja na kidevu. Hawakugombana. Waliulizana hii ya nani, hii bado inakutosha, kama watu wanaofungua sanduku la marehemu, na marehemu wote wawili wamesimama hapo. Mama akamwambia atakuwa anakuja Jumamosi moja moja, na kwamba yeye pia akitaka aende, chai ya kule si mbaya. Fundi alisema ataenda.

Binti alipobeba mkoba wa mwisho, fundi alitoka na mashine akataka kuiweka ndani ya gari.

"Mchukulie hii, mwanangu. Itamfaa."

"Iache," mama akasema kutoka ndani ya gari. "Mwenye bafu ni wewe."

Binti aliangalia pembeni asicheke, kisha akaona uso wa baba yake na haja ya kucheka ikamwisha. Akamuaga, akawasha gari.

Fundi alibaki getini, mashine mkononi, mpaka gari lilipopinda kona. Jirani wa nyumba ya mbele, mwanamke mpenda habari lakini mwenye moyo mzuri, alikuwa akifagia mbele ya mlango wake. Aliinua kichwa.

"Fundi! Nimemwona mama karudi! Alhamdulillahi. Na sasa ulivyokonda, utapona."

Kwa miezi yote ile fundi alikuwa amewaambia watu mtaani kwamba mkewe yuko kwenye matibabu, kwamba anarudi mwisho wa mwezi, kwamba daktari amesema bado kidogo. Lilikuwa jibu jepesi, na lilikuwa bado mdomoni, tayari.

"Hapana, jirani," akasema. "Alikuja kuchukua nguo zake."

Ufagio wa jirani ulisimama. "Kwani... ana nini?"

"Bega," fundi akasema. "Mimi ndiye niliyemharibia."

Jirani hakujua aweke wapi macho. Alisema pole, akafagia palipokwisha kufagiliwa. Fundi aliitikia pole ile, akafunga geti, akaingia ndani.